Aliyemfunga Mama Mkwe

Ofisini, 4 Februari

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mama anaendelea vizuri, goti la shemeji limepoa, na wapwa wangu wameacha kupigania kile kitanda cha juu. Sisi huku hatujambo. Wifi yako anakusalimu sana na anasema gauni ulilomshonea linambana kiunoni, lakini fundi hana kosa, mwenye kosa ni yeye na maandazi yake.

Mambo ni mawili. La kwanza ni la kucheka. Nimepewa umeneja wa kiwanda kizima, dada. Ndiyo, kiwanda kilekile cha kufulia shuka za mahoteli na hospitali, mvuke uleule wa kumtoa mtu jasho hata akiwa amekaa. Ofisi niliyopewa ni ileile ya juu yenye dirisha la kutazama chini kwenye mashine. Kiti nacho ni kilekile, wamebadilisha kitambaa tu. Hakuna anayejua mimi ni mtoto wa nani, ukimwacha yule shoga wa mama anayekunja taulo, na yeye ameufunga mdomo kama tulivyomwomba.

La pili sijui kama ni la kucheka. Jana alikuja mzee mmoja kuomba kazi. Shati limepigwa pasi vizuri lakini kola imeisha. Alisimama mlangoni, akaniita mheshimiwa, akasema yuko tayari kwa kazi yoyote, hata ya kukaa getini. Nilimtambua kabla hajamaliza salamu. Ni Chapuchapu, mwenye kiti hiki enzi za mama. Amekonda, mvi zimejaa, ila bado ana ile tabia ya kugonga vidole vyake akingojea jibu. Hakunitambua. Nilimwambia arudi wiki ijayo, kisha nikarudi kukaa kwenye kile kiti.

Nakuandikia kwa sababu wewe ukiwa kwenye simu unaongea kama uko mnadani, na masikio ya mama bado mazima. Niambie nimfanye nini.

Mdogo wako


Nyumbani, 13 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Hongera sana, bwana meneja. Shemeji yako amepiga vigelegele mwenyewe, mwanaume mzima, goti likamrudia upya. Watoto hawajambo, kitanda bado vita. Cherehani yangu inanipa kazi mpaka macho yanauma, sare za shule zimefuatana. Mama hajambo. Leo asubuhi nilimfunga vifungo vya blauzi nikiwa na haraka, nikaruka kimoja, akatembea hivyo mpaka sokoni na kurudi. Hakuniambia, nilikiona mwenyewe jioni. Mama hasemi, unamjua.

Sasa huyo mtu wako. Nilipofika kwenye jina lake niliiweka barua chini ya cherehani nikatoka nje kutafuta hewa.

Wewe ulikuwa mdogo, kazi yako ilikuwa kumkata mama kucha, na ulikuwa ukiuliza kwa nini mkono mwingine hauna kucha za kukata. Kwa hiyo acha nikukumbushe. Mama alipokuwa akitoka kazini alikuwa akituchekesha kuhusu ule ubao wa kinga ulio mbele ya rola ya pasi. Wenyewe waliuita Mama Mkwe, kwa sababu ukimgusa tu kila kitu kinasimama. Mkono ukisogea sana kwenye rola ya moto unagonga ubao, mashine inazimika, unaanza upya. Siku hiyo shuka zilikuwa nyingi, wanawake wana haraka, wanaugonga, mashine inasimama kila mara. Chapuchapu akashuka kutoka juu akipiga makofi, chapuchapu, chapuchapu, akachana ukanda wa shuka kuukuu, akamfunga Mama Mkwe kwenye bomba la juu kwa mikono yake. Kabla ya chakula cha mchana mkono wa mama ukaingia pamoja na shuka.

Na walipomtoa, alisema nini mbele ya watu wote? "Mashine haina kosa. Kosa ni la mikono." Mama aliyasikia hayo akiwa chini sakafuni. Mkaguzi alipokuja ukanda haukuwepo, ubao uko mahali pake unang'aa. Mama akaachishwa kazi kwa uzembe. Mimi nikaacha shule nikashika cherehani, na ndiyo maana wewe ulisoma mpaka ukakalia kiti chake. Sikusimangi. Nakupa hesabu ya nyumba yetu uione.

Usimfukuze. Mtu akifukuzwa huenda kulia kwingine akaonewa huruma. Mpe kazi. Mpe kazi palepale chini, kwenye mvuke, mbele ya rola. Nataka kila asubuhi akifika kitu cha kwanza atakachokiona kiwe Mama Mkwe. Kisha mtafutie kitu cha kumchoma kidogokidogo, wewe ndiye msomi.

Mama hajui kitu. Usimtaje.

Dada yako


Ofisini, 21 Machi

Dada mpendwa,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa, nilitaka kwanza nione kama itafanya kazi. Imefanya.

Nilimwajiri. Anafagia manyoya ya shuka chini ya mashine za pasi, mahali ambapo mtu akiinama anatoka amekuwa mweupe nyusi zote. Nilimwacha azoee kidogo, aanze kuamini kwamba ana bahati.

Unajua kila Jumatatu huwa nakusanya zamu nzima kabla ya mashine kuwashwa, tunaongea habari za usalama. Wengine husinzia wakiwa wamesimama. Jumatatu ile nikamwita mbele. Nikasema, "Mzee, wewe si uliwahi kufanya kazi hapa? Waeleze wenzako Mama Mkwe alifungwaje." Dada, sura yake! Alitazama kushoto na kulia. Akasema, zamani kidogo kulitokea ajali. Nikamwambia hapana, anza mwanzo. Nani alichana shuka? Nikamsogelea nikamwambia kwa sauti ndogo mimi ni mtoto wa nani.

Alishika kitoroli cha shuka kama anayetaka kukisukuma nje. Nilidhani ataondoka. Hakuondoka, hana pa kwenda, nyumbani kwake wanamtegemea. Nikampa sharti: akitaka kazi, kila Jumatatu atasimama pale na ataanza kwa maneno haya, "Mimi ndiye niliyemfunga Mama Mkwe." Kisha aeleze yote, ukanda, mkono, aliyoyasema, na jinsi alivyomdanganya mkaguzi. Asirembe. Akiruka kitu, namrudisha mwanzo mbele ya watu.

Amefanya hivyo Jumatatu zote tangu siku ile. Na cha ajabu, siku hizi hakuna anayecheza na ule ubao. Wasichana wapya wanausalimia, "shikamoo Mama Mkwe," ndipo wanashika shuka. Wageni wa mwenye mali walikuja kukagua wakasema hawajaona kiwanda kinachojali wafanyakazi kama hiki. Nikapewa mkono. Nilikuwa nacheka rohoni. Naitekeleza kazi yangu ya umeneja na kisasi chetu kwa saa ileile, na nalipwa mshahara juu yake.

Wasalimie wote.

Mdogo wako


Nyumbani, 30 Machi

Mdogo wangu wa pekee,

Barua yako nimeisoma mpaka imelegea kwenye mikunjo. Marahaba, marahaba, marahaba! Shemeji yako anasema nimekuwa mtu mwingine, hata chai naweka sukari sawasawa. Mama ameniuliza kwa nini naimba kwenye cherehani. Nikamwambia mteja amenisifu. Akanitazama lile jicho lake la pembeni, akasema mteja huyo aje kila wiki.

Roho yangu imesuuzika lakini haijashiba, nikuambie ukweli. Kusema ni mdomo tu. Mdomo haukuungua. Nataka nikuombe jambo. Jumatatu akimaliza kusema, avue shati mbele yao alivae tena na kulifunga vifungo vyote kwa mkono wa kushoto peke yake, wa kulia akiwa ameuweka mgongoni. Wakae wamtazame mpaka kifungo cha mwisho. Asaidiwe na mtu yeyote, hapana. Mama anafanya hivyo kila asubuhi mimi nikichelewa kuamka, na akimaliza jasho linamtoka kana kwamba amelima.

Unaniona nina roho mbaya? Ninayo. Nimeitunza muda mrefu na haijaharibika.

Niandikie upesi. Nataka kujua kila kitu, kama alilia, alilia namna gani, na watu walifanya nini.

Dada yako


Ofisini, 11 Mei

Dada,

Shikamoo. Natumaini hamjambo. Sisi wazima.

Lile uliloomba nililifanya. Ilichukua muda mrefu. Mwanzoni vijana wa kwenye mashine za kufulia walicheka, kisha wakaacha. Shoga wa mama akageuka akatazama ukutani. Hakulia. Alipomaliza alisema, "Asante, meneja," akachukua fagio. Tangu siku hiyo ana tabia mpya inayoniudhi. Asubuhi anawahi kabla ya wote, anapita rola moja baada ya nyingine akigonga kila ubao kwa kiganja kuona kama unazima mashine. Hakuna aliyemtuma. Nilimwambia aache kiherehere, akasema sawa, kesho yake akarudia.

Kazi zimebana sana. Tumepata mahoteli mapya, makubwa, na mwenye mali amekuja mwenyewe. Anasema tukishindwa hawa watakwenda kwa wengine na nusu ya watu chini watarudi nyumbani. Kwa hiyo vikao vya Jumatatu nimevisimamisha kwa muda, vinakula wakati wa uzalishaji. Usijali, mzee hajaponyoka, ni suala la ratiba tu.

Nimemtumia mama gauni. Lina zipu mbele, yenye kipete kikubwa, anaweza kuivuta mwenyewe. Mwambie limetoka kwangu.

Mdogo wako


Nyumbani, 24 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Gauni limefika, na humu ndani hakuna amani. Mama analipandisha zipu na kuishusha, anapandisha, anashusha, watoto wamehesabu wakachoka. Amekataa lisifuliwe. Anasema mwanangu alikaa akafikiria mkono wangu, wangapi wana watoto wanaofikiria? Amekuombea dua ndefu mpaka chakula kikapoa.

Sasa turudi kwetu. "Kwa muda" ni muda gani? Mimi ni fundi, nikimwambia mteja kwa muda najua ninachokificha. Kusema kwa mzee yule kulikuwa kunachukua muda kama wa kunywa kikombe cha chai. Mahoteli gani hayo yanayonyimwa shuka kwa kikombe kimoja cha chai?

Na jambo jingine. Barua zako za kwanza zilijaa Mama Mkwe, Mama Mkwe anasalimiwa, Mama Mkwe anang'aa. Hii ya mwisho umemwandika mzee anamgonga, basi. Wewe mwenyewe hukusema hajambo. Hajambo?

Dada yako


Nyumbani, 2 Julai

Mdogo wangu,

Sijapata jibu. Nilipiga simu, wifi yangu akasema uko kazini, nikapiga tena usiku, akasema umelala. Sauti yake haikuwa ya mtu ambaye mumewe amelala.

Nimekuuliza swali moja tu. Hajambo?

Dada yako


Ofisini, 6 Agosti

Dada,

Salamu kwenu nyote. Samahani kwa ukimya. Nimekuwa na majukumu ambayo kwa kweli mtu aliye nje ya uongozi si rahisi kuyaelewa.

Nina habari itakayokufurahisha. Chapuchapu nimemfukuza. Nimemtoa mbele ya zamu nzima, na fagio lake nikalipokea mimi mwenyewe. Alitoka getini bila hata kuruhusiwa kuaga. Kwa hiyo lile ulilolitaka miaka yote limetimia, na naomba tulifunge hapo, tusilirudie tena katika barua.

Sababu ni utovu wa nidhamu. Alizima mashine ya pasi katikati ya zamu bila ruhusa ya mtu yeyote, siku ambayo magari ya hoteli yalikuwa yamesimama nje yanangoja. Nilipomuuliza akanijibu mbele ya watu kwa namna ambayo meneja hawezi kuivumilia. Ningemwacha, kesho kila mfagiaji angejiona bosi. Ufanisi wa kiwanda unategemea kila mtu kukaa kwenye nafasi yake. Mahoteli haya yanalisha familia nyingi, dada. Ukiwa umekaa kwenye hiki kiti unaona mbali kidogo kuliko ukiwa chini. Kuna wakati unalazimika kupima faida ya wengi dhidi ya hofu ya wachache, na mimi nimepima.

Yule shoga wa mama usimsikilize sana, akipiga simu. Siku hizi amekuwa mtu wa maneno. Huenda akakuambia habari za msichana mmoja mpya wa kwenye rola aliyeumia vidole baadaye wiki hiyo. Ni kweli aliumia, na kiwanda kimemhudumia. Lakini tumechunguza. Mashine haina kosa. Kosa ni la mikono yake, alikuwa hana uzoefu.

Msalimie mama. Kama gauni limechakaa nitamletea jingine.

Mdogo wako


Nyumbani, 15 Agosti

Mdogo wangu,

Shemeji yako mzima, watoto wazima. Salamu ziishie hapo.

Barua yako ilifika mchana, mama amekaa mlangoni anachambua mboga. Aliona muhuri wa posta akasema, "Ya mwanangu hiyo, nisomee." Siku zote namsomea nikiruka, namtungia salamu zako, na naye hujifanya haoni ninavyoruka. Safari hii nilikuwa na hasira nikasahau kuruka. Nilianza na kufukuzwa kwa Chapuchapu, nikashangaa mama hakuuliza Chapuchapu amerudije kazini. Nikaendelea. Nikafika kwa yule msichana. Nikasoma, "Mashine haina kosa," macho yakatangulia kidogo mbele, nikanyamaza.

Mama akamalizia. Hakuinua kichwa. Alisema, "Kosa ni la mikono." Akaendelea na mboga.

Mdogo wangu, nimeishi na maneno hayo tangu nikiwa na nywele za kusukwa mbili mbili. Nilidhani hapa duniani yana mdomo mmoja.

Nikampigia shoga yake mama. Si yeye aliyepiga, usimwonee. Alilia kwanza, kisha akaniambia. Kwamba kabla hata ya barua yako ile ya Mei, mwenye mali hajamaliza kupanda gari lake, wewe ulishuka zile ngazi. Kwamba ulisema ni kwa wiki ile tu. Kwamba hukutumia hata ukanda wa shuka kuukuu, ulichukua shuka mpya ya hoteli ukaichana, ukamfunga Mama Mkwe kwa mikono yako. Jumatatu ukazifuta kwa sababu ungemsimamishaje mzee aseme vile na Mama Mkwe amefungwa juu ya kichwa chake? Wewe ulisema ratiba. Kumbe ulikuwa unaona haya, na haya yenyewe hukuitumia kwa kitu chochote.

Kwamba kila asubuhi Chapuchapu alikuwa akija mapema anafungua, na msimamizi wako anakuja anafunga. Wiki zikapita hivyo, wanafunguliana na kufungiana kama watoto wanaogombea dirisha. Mwisho akafungua mchana kweupe, akazima mashine, akakaa chini yake. Na lile jibu ambalo meneja hawezi kulivumilia nimelipata pia. Ulimuuliza anajifanya nani. Akasema, "Mimi ndiye niliyemfunga Mama Mkwe. Wewe unajifanya nani?" Watu wote wakasikia. Ndipo ukapokea fagio. Kesho yake ukanda ukarudi juu, na keshokutwa yake ndipo vidole vya yule msichana vikaenda. Umeniandikia "baadaye wiki hiyo". Umejifunza kuandika, bwana meneja.

Unasema nitafurahi kwamba umemfukuza. Nimejitafuta mwili mzima hiyo furaha sijaiona. Nilimchukia yule mtu vizuri sana, kwa bidii, nilimpangia mpaka vifungo vya shati, na kumbe wakati namtazama yeye wewe ulikuwa unakua kwenye kiti chake. Sasa ile chuki yangu yote imebaki mikononi, nzima, bado ina moto, na wa kumpa ni mmoja tu. Sitakuficha, nimekupa.

Nilidhani mama atakutetea. Wewe ndiye kitinda mimba, ndiye gauni la zipu. Nilimweleza yote, na ya Jumatatu, na ya shati. Alinikemea kwa ya shati, akasema yeye aliponifunza cherehani hakunifunza hivyo. Nikamuuliza, basi mama, unamsamehe? Akasema, "Nani, Chapuchapu? Yule nilimsahau siku nyingi, nilikuwa na watoto wa kulisha. Ila huyu nimemzaa mimi. Huyu simsamehe mpaka nimsikie."

Kwa hiyo sikiliza, na hili silo ombi. Tunakuja. Tutafika Jumapili na tutalala kwa shoga yake mama, kwako hatulali, wifi yangu umwambie si kwa ubaya wake. Jumatatu asubuhi mama ataingia getini. Kwanza tutakuwa tumepita kwa yule msichana, tutakuja naye kama anaweza kusimama. Chapuchapu tumempata, mke wake ndiye aliyepokea simu. Nilimwomba mzee mwenyewe radhi kwa ya vifungo, maneno yakanitoka kwa shida na sikuyapenda. Alisema atakuja. Mama amesema atasimama mstari wa mbele kabisa, akusikie vizuri.

Utakusanya zamu nzima kabla mashine hazijawashwa, kama ulivyoanzisha mwenyewe. Mwenye mali naye kama yupo aitwe, akikataa usimngojee. Ukanda utakuwa bado uko juu, usiufungue kabla hatujafika. Ukifungua tutajua, shoga yake mama anakaa akiutazama. Utasimama pale chini ambapo Chapuchapu alikuwa anasimama, si kwenye ngazi. Utaanza kwa maneno yaleyale uliyompa yeye, kisha nani alichana shuka. Utaeleza yote, mkono, uliyoyasema, na ulichoniandikia mimi. Usirembe. Ukiruka kitu mama atakurudisha mwanzo, nimemfundisha njia yako. Ukimaliza utaufungua kwa mkono wa kushoto, wa kulia ukiwa mgongoni, hata kama magari ya hoteli yamejaa barabara nzima. Baada ya hapo kama kazi unayo au huna, hilo utajua wewe na mwenye mali.

Usitafute viti. Mama atasimama. Atavaa lile gauni, amekubali hatimaye lifuliwe, nimelianika sasa hivi. Jana alikuwa anajaribu zipu na kusema peke yake, mimi nimekaa kwenye cherehani sijui kama alijua nasikia. Alisema maneno yako ya kwanza utakayoyasema Jumatatu, akibadilisha sauti iwe kama yako ulipokuwa mdogo. Aliyarudia mara nyingi, taratibu, kama alivyokuwa akikufundisha kusalimia wageni.

Dada yako